Saa Sitini za Cherono

Siku ya tatu Cherono aliamka mapema, akafunga kitambaa kichwani, akaenda nyuma ya nyumba kuomba jembe. Hapo ndipo boma la Mzee Protus, pale juu ya soko la Khayega, lilipoingia matatani.

Hakuliomba kwa ubaya. Alikuwa binti wa watu kutoka Bomet, mwaka wa tatu chuo kikuu, mwenye adabu hadi kwenye kucha. Chuo kilikuwa kimewasambaza wanafunzi vijijini kwa wiki tatu, kila mmoja na boma lake, wajifunze kwa wananchi yale ambayo vitabu havina. Kila mmoja alipewa daftari la kuandika saa alizofanya kazi na wenyeji. Saa zenyewe ni sitini, na mwenye boma atie sahihi. Asiyefikisha sitini anarudia mwaka mzima. Na Cherono alikuwa amefundishwa tangu darasa la pili kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akahesabu kwa vidole: Jumatatu, Jumanne, na leo Jumatano. Basi akaja kudai lake.

Mzee Protus alikuwa anasugua meno kwa kijiti. Aliposikia jembe, alikitoa kile kijiti kinywani akakitazama, kana kwamba ndicho kilichosema.

"Nani amekuudhi hapa?" akauliza.

"Hakuna, Baba."

"Chakula hakikutosha?"

"Kilitosha, Baba. Kilizidi."

"Basi rudi uketi."

Cherono akajaribu kumkumbusha ile methali. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza taratibu kwamba hayo ni maneno ya watu wa Pwani, na Pwani shamba ni mchanga, kwa hiyo jembe lao wanampa mgeni kwa sababu wenyewe hawana la kulifanyia. Hapa ni Isukha. Hapa mgeni akiinama kuokota sindano, mwenye nyumba anaitwa na ukoo ajieleze.

Mideva, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na birika mkononi, akisikia yote. Alikuwa Mmaragoli aliyeolewa Isukha miaka arobaini iliyopita, na kwa miaka hiyo yote hakuwa amemaliza kuwashangaa. Lakini siku hiyo alijua vizuri kwamba si ukoo uliokuwa ukisema kinywani mwa mumewe. Alikuwa ni Clifford.

Clifford ni jirani yao wa ng'ambo ya ua, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, mtu mnene mwenye kicheko kinachotosha kuwaazima wengine. Yeye naye alipewa mwanafunzi, Aminah, msichana wa Mumias. Aminah hakuwa ametua hata begi pale Clifford alipomwonyesha zizi, akamwonyesha na sepetu. Kufikia Jumanne watu wa soko walikuwa wanasema Clifford amejipatia kibarua wa bure mwenye digrii nusu. Mzee Protus alicheka habari hiyo mpaka akakohoa. Kisha, mbele ya wenzake wa ajua, wale wazee wanaokaa kutwa nzima wakihamisha kete kutoka shimo hadi shimo, akala kiapo. Kwake yeye, alisema, mgeni hatainua kitu kizito kuliko paja la kuku.

Na kiapo cha mbele ya ajua hakirudishwi. Afadhali urudishe mahari.

* * *

Ukitaka kujua mateso, tazama mtu anayepumzishwa kwa nguvu.

Cherono aliwekewa kiti chenye kitambaa cha kufumwa, chini ya mparachichi, na pembeni meza ndogo yenye chupa ya chai. Chai ikipungua, inaongezwa. Akisimama, Mzee anauliza anatafuta nini. Akienda msalani, Mideva anamtangulia na maji. Asubuhi na jioni yule mama wa miaka sitini na tatu alimbebea mgeni ndoo ya maji moto hadi bafuni, na Cherono alikuwa akimfuata nyuma na sabuni, akiona aibu, kama bibi harusi asiyejua ameolewa na nani.

Tena kulikuwa na suala la firigisi. Siku ya kwanza Mzee alichukua firigisi, ile ambayo kwa desturi ni ya mwenye mji, akaipakua mwenyewe kwenye sahani ya Cherono. Mideva aliikodolea macho. Kwa miaka arobaini alikuwa ameiosha, ameipasua, ameikaanga na kuipeleka mezani, na alichopata yeye ni harufu. Leo mtoto wa juzi anaila huku akiuliza ni kiungo gani.

"Ni kiungo cha wanaume," Mideva akamwambia. "Kula, usiwaonee huruma."

Jumatano hiyo alasiri, Mzee akiwa amelala kidogo, Mideva alimkuta Cherono anajifuta macho kwa pindo la blauzi. Hakumuuliza. Alichukua daftari lililokuwa magotini pake, akasogeza miwani, akasoma taratibu kama anayesoma barua ya korti. Yeye aliishia darasa la saba, lakini darasa la saba la zamani, la viboko na mwandiko mzuri.

Jumatatu: Nimepokewa. Nimekula kuku.

Jumanne: Saa tatu, nimeketi. Saa tano, nimeketi. Saa nane, kivuli kimehama, nimehama nacho.

Jumatano: Nimeomba jembe. Nimepewa chai.

Saa za kazi: hakuna.

Mideva alijaribu kuzuia kicheko kikamtoka puani. Cherono alimtazama, midomo ikamtetemeka, halafu naye akashindwa. Wakacheka wote wawili hadi kuku wakahama uani.

Walipotulia, Cherono akamweleza. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wa maziwa ili yeye amalize chuo mwakani. Mwaka wa kurudia haupo. Hakuna ng'ombe wa pili. Na sahihi lazima iwe ya Mzee Protus, kwa maana ni jina lake lililoandikwa pale barazani kwa chifu. Ya mama haikubaliki.

Mideva akaifikiria sana hiyo sehemu ya mwisho, ya sahihi ya mama kutokubaliwa. Akafunga daftari.

"Mzee wangu anaondokanga saa tatu kwenda ajua," akasema. "Anarudi saa saba, njaa ikimuita. Hapo katikati kuna saa ngapi?"

"Nne, Mama."

"Umeshawahi kuiba?"

Cherono akasema hapana, hajawahi.

"Kesho utaanza. Tutaiba kazi."

* * *

Alhamisi, kofia ya Mzee ilipozama tu kwenye kona ya kwenda sokoni, Mideva alitoa jembe chini ya kitanda, mahali alipokuwa amelificha kama pombe. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na magugu yalikuwa yameyapita magoti. Cherono aliingia shambani kama mfungwa aliyeachiliwa. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na udongo wake wote ukawa unalalia upande wa kushoto wa mstari. Mideva alipouona akasema ni shamba linaloandika Kiarabu, lakini magugu yakifa, yanakufa tu.

Yeye Mideva alikaa kwenye kigoda karibu na ua, akichambua mboga na kulinda njia. Walikubaliana hivi: mtu akitokea, ataimba wimbo wa kanisani. Akiwa jirani wa kawaida, ubeti wa kwanza. Akiwa Mzee, kiitikio, na kwa sauti. Kuna siku Mideva aliimba kiitikio kwa sababu tu kilimjia moyoni. Cherono akatupa jembe, akaruka mfereji, akatumbukiza miguu kwenye beseni, akajitupa kitini na kufungua gazeti, akamkuta mama wa watu peke yake uani anapepesa macho.

"Samahani," Mideva akasema. "Nilibarikiwa."

Basi wakaiba. Waliiba Alhamisi saa nne, wakaiba Ijumaa saa nne. Jumamosi kulikuwa na vita vya mafahali, na mwanamume wa Isukha fahali wakipigana hata nyumba ikiungua atauliza kwanza nani ameshinda. Siku hiyo wakaiba saa saba nzima. Cherono alipalilia, akachimba mtaro wa kuondoa maji nyuma ya choo, akajaza magunia udongo na kupanda sukuma. Na kazi ikiendelea, Mideva alimfundisha: namna ya kutofautisha mboga ya mrenda na kile kigugu kinachojifanya mrenda, namna ya kusikia kwa sauti ya kuku kama ametaga au anajisifu tu. Cherono aliandika yote. Alisema pale chuoni walisoma kipindi kizima kuhusu ushirikishwaji wa jamii, lakini hakuna aliyewaambia kwamba utafanyika kwa kujificha.

Jumapili iliyofuata Aminah alimpitia waende matembezi. Akamwonyesha malengelenge ya viganja kama mtu anayeonyesha bangili. Cherono naye akafungua viganja vyake, akavifunga haraka, akasema ameungua na chai.

* * *

Wiki ya pili mambo yalikaribia kuharibika. Ilikuwa Jumanne, saa tano kasoro. Mzee alichelewa njiani akipiga soga, na alipofika sokoni akagundua amesahau miwani, na bila miwani kete za ajua anaziona mara mbili. Akarudi kwa bodaboda. Pikipiki haitoi nafasi ya ubeti. Mideva alipoona kofia tayari iko langoni, akapiga kiitikio chote kwa pumzi moja, kikatoka kama mbuzi aliyekanyagwa.

Cherono alifika kitini, hilo halina ubishi. Lakini alifika akihema, jasho linamtiririka, macho mekundu, mikono inatetemeka, na gazeti kalishika miguu juu kichwa chini. Mzee akasimama mbele yake. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Mama Lynette," akamwita mkewe kwa jina la binti yao aliye Eldoret. "Mtoto wa watu ana malaria."

Mideva akatazama chini. Akasema naye alikuwa ameanza kushuku.

Mzee Protus, semeni yote juu yake, alikuwa na moyo. Ajua ilisahaulika. Alimwingiza mgonjwa ndani, akamfunika mablanketi mawili saa sita mchana jua likiwa utosini, akafunga na dirisha ili baridi isiingie. Akamkamulia ndimu tatu bila sukari. Akamfukuza jogoo kuzunguka nyumba mara nne, yeye na miaka yake sabini, mpaka jogoo mwenyewe akachoka kwa heshima. Mchuzi ulipoiva alikaa kando ya kitanda akamsimamia Cherono anywe bakuli zima, huku akimhadithia watu wote wa kijiji waliokufa kwa malaria kwa sababu walikataa mchuzi.

Cherono aliloa kama aliyenyeshewa. Kila alipotoa mguu nje ya blanketi, Mzee aliurudisha.

"Unaona?" Mzee akamwambia mkewe kwa furaha. "Jasho. Homa inatoka."

Mideva ilibidi aende jikoni. Alijifunika leso usoni, akaegemea ukuta, mabega yakimcheza. Mzee alimsikia, akadhani analia, akamfuata kumtuliza, akamwambia mtoto atapona.

Jioni Cherono akaandika kwenye daftari: Saa mbili za kupalilia. Saa nne za kuugua. Hizo za kuugua akazikata kwa mstari, kwa kuwa alikuwa mkweli hata katika wizi. Kesho yake na Alhamisi Mzee alikawia kwenye ajua kulipiza mchezo aliokosa, nao wakaiba saa tano tano kufidia zile mbili; Jumamosi mafahali walipigana tena, wakaiba sita.

* * *

Kulikuwa na jambo ambalo Mideva hakulitarajia. Shamba lililopaliliwa halifichiki. Mtu unaweza kumfunika blanketi, mahindi huwezi.

Mzee aliyaona mahindi yake yamesimama safi, akadhani ni mkewe, akanyamaza, kwa sababu mwanamume akisifu kazi ya shamba anaweza akaambiwa asaidie. Lakini siku moja akipita na Clifford, Clifford akasimama, akashika kiuno, akauliza ni kibarua gani huyu aliyefanya kazi nzuri hivi.

Angaliweza kusema ni Mama Lynette. Ulimi wake ulikuwa na njia mbili, ukachagua ile ya mteremko.

"Ni mimi," akasema. "Nakuwanga shambani kabla jua halijatoka. Nyinyi mnalala."

Ikafika sokoni kabla yake. Wazee wa ajua wakamwita kijana. Wengine wakamgusa misuli. Mideva aliipata Jumapili kanisani kutoka kwa mke wa Clifford, katikati ya zaburi, na kidogo ameze kitabu. Mume aliyemwoa hakuwa ameinama shambani tangu astaafu udereva wa trekta kule Kabras, na hata wakati huo trekta ndilo lililokuwa likiinama.

Hakumwambia kitu. Aliihifadhi ile habari kama watu wanavyohifadhi sukari, kwa siku wageni watakapokuja.

* * *

Wageni walikuja Ijumaa ya wiki ya tatu, saa nne. Gari la chuo lilimshusha Dokta Wekesa, mhadhiri mwembamba mwenye fomu nyingi. Ndiye aliyekuwa akizunguka maboma yote kukagua, na gari lingempitia tena saa kumi kumrudisha yeye na wanafunzi. Clifford alimsindikiza, kama mwenyekiti, na pia kwa sababu alisikia harufu ya kuku kutoka kwake.

Daftari lilikuwa na saa hamsini na saba. Sahihi ilikuwa hakuna hata moja. Mideva alipanga kumwomba Mzee atie zote asubuhi hiyo baada ya uji, saa moyo wake unapokuwa laini, lakini Mzee alikuwa ameamka na kwenda kunyolewa kwa ajili ya Dokta, na sasa Dokta mwenyewe huyu hapa ameketi.

Kuku aliletwa, obusuma, yaani ugali wa huku, ukaletwa, mikono ikanawishwa. Cherono alikuwa kitini pake pa wageni, amenyooka kama mshumaa. Dokta akafungua fomu na kumwomba mwenye boma aseme machache juu ya mwanafunzi. Mzee Protus akasimama. Alikuwa ameyangojea haya kwa siku kumi na tisa.

"Dokta," akasema, "mtoto huyu mlituletea mzima, na mzima tunamrudisha. Tangu afike hapa hajashika jembe. Hajachota maji. Hajaosha hata kijiko. Uliza mtu yeyote kijiji hiki."

Kalamu ya Dokta ikasimama.

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko cha chai," Mzee akasema, akaketi, akiona fahari imemjaa kifuani.

Kimya kikaingia. Mzee alikidhania ni kimya cha watu waliopendezwa. Dokta Wekesa akavuta daftari la Cherono, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Akasoma kwa sauti ya chini: amepalilia mahindi mistari ishirini na minne, amechimba mtaro, amepanda sukuma kwenye magunia kumi. Kisha akaeleza, bila hasira, na hilo ndilo lililotisha, kwamba chuo kina kanuni. Mwanafunzi asiyefanya kazi anarudia mwaka. Lakini mwanafunzi anayeandika kazi ambayo hakufanya, huyo anafukuzwa.

Mideva alimtazama Cherono. Msichana alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa na neno moja tu la kusema ajiokoe, na neno hilo lingemvua Mzee nguo mbele ya Clifford. Hakulisema. Mzee naye alikuwa amefungua mdomo na kuufunga, maana mahindi ya mistari ishirini na minne aliyajua ni yapi, na Clifford alikuwa pale pale na paja la kuku mkononi, masikio wazi.

"Lakini mahindi hayo," Clifford akasema, akitafuna polepole, "si ni Mzee mwenyewe aliyapalilia? Alituambia."

Dokta akamgeukia mwenye boma. Mzee Protus akasema kwamba, naam, mtu akizungumzia shamba, shamba ni neno pana.

Mideva akaona sukari yake sasa ni ya kutolewa. Akafuta mikono kwa leso.

"Baba Lynette," akasema kwa upole mkubwa, "wageni wametoka mbali. Si uwaonyeshe kidogo vile unapalilianga?"

Miaka arobaini ya ndoa, na Mzee hakuwahi kutazamwa na mkewe kwa upendo namna ile. Alijua ameisha.

Wakaenda wote. Mstari mmoja wa mwisho ulikuwa umebaki na magugu. Mideva akamkabidhi jembe. Mzee akavua koti, akampa Clifford ashike. Akatema mate viganjani. Akapiga la kwanza, udongo ukalala upande wa kulia. Akapiga la pili, ukalala kulia. Clifford akatazama ule mstari, akatazama ishirini na minne mingine iliyolalia kushoto, akaanza kutetemeka tumbo. La tatu Mzee alilipiga kwa hasira, na hapo kiuno chake kikakataa. Akabaki ameinama, jembe ardhini, uso karibu na mahindi, haendi mbele wala harudi.

Dokta akauliza kama ni sehemu ya maonyesho.

Cherono hakungoja kuulizwa. Alimfikia Mzee kabla ya wote, akamshika bega, akamwachisha mpini, na kwa kuwa gugu lilikuwa pale na jembe liko mkononi, mkono wake ukaenda wenyewe. Kushoto, kushoto, kushoto. Udongo ukalala kama ule mwingine wote. Aliufikisha mstari nusu kabla hajakumbuka kwamba watu wanamtazama.

Mzee Protus aliyaona yote kutoka pale chini alipokuwa, na mtu akiinamishwa kwa muda mrefu hivyo, mara nyingine ukweli humshukia kichwani pamoja na damu.

"Dokta," akasema akiielekea ardhi. "Andika ni huyu. Mimi nilipalilia kwa mdomo."

Clifford alikaa chini palepale kwenye udongo, koti la mwenzake mapajani, akacheka hadi machozi yakamfikia shingoni. Hata Dokta aligeuka kando akatafuta kitu kwenye mfuko wa shati kwa muda mrefu. Mideva alimnyoosha mumewe taratibu, akamfunga leso kiunoni, akamrudisha nyumbani akimwegemeza. Njiani Mzee alimuuliza kwa siri ni siku ngapi wamemfanyia hivi. Mideva akamjibu kwamba za kazi ni kumi na tatu, na ile ya malaria ni mojawapo.

Mzee alitembea hatua kama sita.

"Ile malaria," akasema.

"Ee."

"Nilikimbiza jogoo."

"Ulikimbiza vizuri, Baba Lynette."

* * *

Akatia sahihi akiwa amelala kwenye mkeka uani, saa hamsini na saba, moja baada ya nyingine, ulimi nje. Dokta akahesabu, akakohoa. Akasema anasikitika, lakini hamsini na saba si sitini, na kanuni haina tumbo la huruma. Zimebaki tatu. Gari linakuja saa kumi.

"Saa hizi ni saa ngapi?" Mzee akauliza.

"Saba kasoro."

Mzee Protus akageuza kichwa, akaangalia zile sahani za wageni, sufuria ya obusuma uliogandamana, masufuria mawili ya kuku yaliyoungua chini, mitungi mitupu. Akamwangalia Clifford, ambaye kesho asubuhi angekuwa na habari ya kutosha ajua hadi Krismasi. Kiapo kilikuwa kimekufa, na mazishi yake watu wamehudhuria. Akapumua, kama mtu aliyetua mzigo.

"Wewe msichana," akasema. "Umekaa hapo unangoja nani? Vyombo vitajiosha?"

Cherono aliruka kutoka kitini kana kwamba kimeshika moto. Aliosha sahani, akaenda mtoni mara mbili na mtungi, akafagia uani, na Dokta akamfuata na saa yake ya mkononi huku mguu mmoja ukikwepa maji ya ufagio. Saa tisa na nusu alikuwa kwenye sufuria ya mwisho, amepiga magoti, majivu hadi kwenye viwiko, na Mideva yuko kando yake akisuuza. Kutoka mkekani ikaja sauti ya Mzee, kali, ya mwenye mji.

"Cherono! Sufuria gani hiyo? Kwenu Bomet mnasuguanga namna hiyo? Nje inang'aa, ndani unamwachia nani? Unataka niaibike kwa watu?"

Mkono wa Cherono ulisimama. Alimgeukia Mideva, macho yamemjaa maji, na uso wote ukicheka.

"Mama," akanong'ona. "Umesikia? Amenigombeza."

"Nimesikia," Mideva akasema. "Andika."